Kipeperushi cha ukurasa mmoja: nikipunguza maneno, ujumbe nao unapungua. Nifanyeje?

Katibu_Inyala (Mbeya Vijijini)

Habari za kazi wakuu. Kikundi chetu ni cha wakulima wa mahindi, na kabla mvua hazijashika tunataka kila mwanachama awe na karatasi moja ya A4 inayoelekeza kupanda na kuweka mbolea. Nyeusi na nyeupe, fotokopi ya kawaida, pande mbili kama itabidi. Maandishi yametoka kwenye somo la siku nzima na yana maneno 640. Mwenyekiti anasema "rahisisha". Nikipunguza, mtaalamu wetu wa kilimo ananiambia nimetoa jambo la msingi. Nikilirudisha, karatasi inajaa hadi ukingoni na fonti inashuka mpaka 9.

Hiki ni kipande kimoja kama kilivyo:

"Katika kuhakikisha kwamba mkulima anapata tija iliyokusudiwa, inashauriwa kwamba zoezi la uwekaji wa mbolea ya kupandia lifanyike sambamba na zoezi la upandaji wa mbegu, ambapo kiasi cha mbolea kinachopaswa kutumika kwa kila shimo kinatakiwa kuzingatia kipimo kinachokubalika kitaalamu ili kuepusha madhara yanayoweza kujitokeza kwa mbegu."

Nilivyokifupisha: "Weka mbolea kiasi shimoni kabla ya mbegu."

Naomba msaada: nitajuaje kipi kitoke na kipi kibaki? Herufi ziwe kubwa kiasi gani, maana wanachama wengine ni wazee? Picha ngapi zinatosha? Na je, kuna kipimo cha kompyuta cha urahisi wa maandishi kinachofaa Kiswahili? Nilichojaribu kimeniambia kila sentensi yangu ni ngumu, hata ile fupi.

Mhariri_Njombe

Salaam Katibu. Visome vipande vyako viwili kwa pamoja. Kirefu kina maneno 45, kifupi kina 7, na vyote viwili havisemi mbolea ni kiasi gani. Kirefu kilificha pengo hilo nyuma ya "kipimo kinachokubalika kitaalamu". Kifupi kimeliacha wazi, kwa sababu neno "kiasi" limebaki peke yake pale ambapo ilitakiwa namba. Ndiyo maana mtaalamu wenu halali usingizi. Hapo kinachokosekana ni uamuzi, na hakuna mhariri anayeweza kuufupisha uamuzi ambao haujafanyika. Kabla ya kugusa sentensi nyingine, kaa na mtaalamu mjaze namba zote: nafasi, kina, mbolea, mbegu, wiki.

Kisha chukua yale maneno 640, sentensi kwa sentensi, na kila moja iulize: mkulima akiisoma hii, mkono wake utafanya nini tofauti? Sentensi inayobadilisha kazi ya mkono inabaki. Isiyobadilisha isitupwe, ihamishiwe kwenye mkutano, ambako kuna mtu wa kuulizwa. Kwamba DAP, mbolea ya kupandia, ina naitrojeni na fosforasi ni kweli na ni muhimu kujua, lakini shimoni haibadilishi kitu.

Sababu ni suala jingine, na hapa wengi hukata vibaya. Sababu inabaki pale tu ambapo bila hiyo hatua itarukwa. Kufukia mbolea kwa udongo kabla ya kuweka mbegu ni kazi ya ziada kwenye kila shimo, na mtu aliyechoka ataiacha. Kwa hiyo "mbegu ikigusa mbolea inaungua" inastahili nafasi yake kwenye karatasi. Kupima mstari hakuhitaji kuelezewa sababu, kamba yenyewe inatosha.

Sasa lugha. "Zoezi la uwekaji lifanyike" ni "weka". "Inashauriwa kwamba" futa, karatasi nzima ni ushauri. Kwenye sentensi ile moja una "iliyokusudiwa", "ambapo", "kinachopaswa", "kinachokubalika" na "yanayoweza". Kila neno la namna hiyo, yaani kirejeshi, linamlazimisha msomaji kushikilia jina kichwani akisubiri lifanyiwe kitu, na msomaji wa taratibu anakuwa ameliachia kabla hajafika mwisho. Kwenye maelekezo ya kazi, sentensi yenye virejeshi viwili ivunje iwe mbili.

Angalia pia mpangilio wa matendo. "Weka mbegu baada ya kufukia mbolea" ni sahihi kisarufi, lakini mkono umeshasikia "weka mbegu" na umeshaanza. Andika kwa mfuatano wa kazi: "Fukia mbolea. Kisha weka mbegu." Na usikataze mara mbili kwa pamoja, kama "usiweke mbegu bila kufukia". Mtu anayesoma huku ameshika jembe atabaki na "usiweke mbegu".

Kitu kimoja, jina moja. Shuleni tulifundishwa kutorudia neno, na ndiyo maana kwenye vipeperushi vingi mbolea ileile inaitwa mbolea ya kupandia, mbolea ya msingi, mbolea ya chini, halafu DAP. Msomaji anadhani ni mbolea nne. Chagua DAP kila mahali, kwa sababu ndizo herufi anazoziona kwenye mfuko.

Kuhusu heshima: "Weka", "Chimba", "Fukia" hazimvunjii mzee heshima zikiwa kwenye orodha ya kazi. Anza na "Ndugu mkulima" mara moja juu, halafu usichanganye "weka", "uweke" na "wekeni" kwenye ukurasa mmoja.

Kipimo cha kompyuta achana nacho. Kinachotumika sana ni fomula ya Flesch ya mwaka 1948, iliyotengenezwa kwa Kiingereza. Inahesabu maneno kwa sentensi na silabi kwa neno, na matokeo huwa kati ya 0 na 100 hivi, ambapo namba kubwa ni rahisi. Chukua "Weka kizibo kimoja cha mbolea kwenye kila shimo." Maneno 8, silabi 18. Fomula inaipa alama 8 tu, kundi moja na maandishi ya kitaaluma mazito. Kiswahili kinabandika mtenda, wakati na mtendwa kwenye kitenzi kimoja, kwa hiyo maneno yetu yana silabi nyingi hata pale mtoto wa darasa la pili anapoelewa. Hesabu mwenyewe vitu vitatu: maneno kwa sentensi (lenga 10, ukifika 15 vunja), virejeshi, na majina yaliyotokana na vitenzi kama uwekaji, upandaji, uzingatiaji.

AfisaUgani_Mbozi

Mhariri ameeleza vizuri. Mimi naongeza namba, pamoja na onyo kuhusu urahisi unaomgharimu mkulima fedha.

Nafasi zinazotumika sana ni mbili: sentimita 75 kwa 60 ukiweka mbegu 2 kwa shimo, au 75 kwa 30 ukiweka mbegu 1. Idadi ya mimea inalingana, lakini idadi ya mashimo hailingani. Ekari ni mita za mraba 4,047. Kwa 75 kwa 60 unapata mashimo kama 9,000, kwa 75 kwa 30 unapata kama 18,000.

Sasa tuseme DAP ni mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, kipimo kinachotajwa sana (kama mna majibu ya kupima udongo, fuateni hayo, na watafiti wa kilimo wa TARI Uyole hawako mbali nanyi). Kwa mashimo 9,000 kila shimo linapata gramu 5.5 hivi. Kwa mashimo 18,000 linapata chini kidogo ya gramu 3. Vipeperushi vingi vimerahisishwa vikabaki na "kizibo kimoja cha soda kila shimo", bila kutaja nafasi. Mkulima wa 75 kwa 30 akifuata hivyo kwa kizibo cha gramu 5, anamaliza kilo 90 kwa ekari, karibu mifuko miwili. Sentensi ni fupi, inakumbukika, na inamnunulisha mfuko ambao hakuuhitaji. Nafasi na kizibo lazima vikae pamoja kwenye karatasi, hata vikila mstari mzima. Bora zaidi, kikundi kichague nafasi moja tu na ile nyingine isitajwe kabisa.

Kizibo chenyewe kina utata. Kilichosawazishwa kwa kidole na kilichofanya kilima vinatofautiana sana. Pimeni: vizibo 20 vya DAP kwenye mfuko wa nailoni, mizani ya duka, gawanya kwa 20. Rudieni kwa urea, mbolea ya kukuzia, maana urea ni nyepesi kuliko DAP kwa ujazo uleule. Mkishajua ni kilima au ni sawazisho, picha ionyeshe hivyo hivyo.

Msitumie "kwa ekari" kwenye karatasi ya shambani. Watu wengi wanaita ekari eneo la mita 70 kwa 70, ambalo ni mita za mraba 4,900. Mfuko uleule hauwezi kutoa kipimo kilekile hapo. Mwambieni mtu afanye nini kwenye shimo. Idadi ya mifuko ya kununua iongelewe kwenye mkutano.

Mistari (Iringa, mchoraji)

Nianze na kitu ambacho hakiongezi neno hata moja: karatasi yenyewe ni rula. Urefu wa A4 ni sentimita 29.7. Urefu mara mbili ni 59.4, hiyo ndiyo 60 yako. Urefu mara mbili na nusu ni 74 na kitu, hiyo ndiyo 75. Ikunje upana wake katikati unapata 10.5, ikunje tena unapata 5.25, yaani kina cha shimo na kina cha mbegu. Mkulima anapimia kijiti na kamba kwa karatasi hiyo usiku mmoja nyumbani, asubuhi anaenda shamba na kijiti. Usichore rula ukingoni mwa ukurasa: mashine ya fotokopi ikiwekwa "ingiza kwenye ukurasa" inapunguza kwa asilimia kadhaa, na kila nakala ya nakala inapungua tena. Ukubwa wa karatasi haubadiliki.

Herufi: maelekezo pointi 14, namba za hatua 28 au zaidi, kichwa 24. Arial au Verdana zinatosha, moja tu, usichanganye. Ukingo milimita 20 pande zote. Hapo unabaki na upana wa milimita 170, na kwa Arial ya pointi 14 ni herufi 65 hadi 70 kwa mstari, mpaka wa juu wa kusomeka vizuri. Usigawe safu mbili. Kwenye safu ya milimita 80 zinaingia herufi kama 32, yaani maneno manne au matano ya Kiswahili, na ukinyoosha kingo zote mbili kompyuta inasukuma maneno hadi yanaacha mashimo katikati. Panga kushoto, kulia paache ovyo. Usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa, maana wengi huzisoma polepole zaidi.

Hesabu ya nafasi: kwa pointi 14 na mistari iliyoachana vizuri, upande mmoja wenye picha tano unabeba maneno 60 hadi 80. Ukizidisha, usipunguze fonti. Rudi kwa Mhariri ukate.

Picha: moja kwa kila hatua ambayo maneno peke yake yanaweza kueleweka vibaya. Kwako ni kamba na nafasi, shimo, kizibo, tabaka la udongo, mbegu. Picha ya mahindi yaliyostawi na familia inayotabasamu haielekezi kitu, na huwa inakula robo ya ukurasa.

Ngumu kuliko zote ni tabaka la udongo, kwa sababu lazima uchore ardhi iliyokatwa, na watu wengi hawajawahi kuitazama ardhi kwa ubavu. Wataona sanduku. Weka mkono wa mtu ukiingia shimoni kutoka juu, ukubwa uleule wa mkono kwenye picha zote, na nyasi mbili tatu juu ya mstari wa ardhi. Usitumie duara la kukuza kitu. Mfano ni viwavijeshi vamizi: alama ya Y iliyopinduliwa kichwani ndiyo inayomtambulisha, kwa hiyo wachoraji wanamkuza hadi anazidi jani, na msomaji anasema mdudu wa ukubwa huo kwake hayupo. Ukilazimika kukuza, chora kando yake njiti ya kiberiti kwa kipimo halisi.

Mistari iwe pointi 1.5, isiwe chini ya 1. Kijivu kisitumike kabisa, fotokopi inakigeuza madoa. Udongo uonyeshe kwa mikato mifupi michache, DAP kwa vidoti vyeusi vinavyohesabika. Picha za simu ziache.

Nembo: najua mwenyekiti na wafadhili watataka ziwe juu. Ziweke nyuma, chini, kimo cha milimita 15, zote ukubwa mmoja. Mkizipa kichwa cha ukurasa wa mbele, mnatoa hatua moja ya kazi. Mwambie hivyo: tuondoe hatua ya ngapi?

Steshenari_Mwanjelwa

Kwa upande wa uchapaji, kwa kifupi. Leta faili la PDF, usilete Word, maana fonti ikikosekana kwenye mashine yetu mistari yote inahama. Omba nakala moja ya majaribio kwa asilimia 100, ishike juani uone kama upande wa nyuma unapenya. Kwa pande mbili tumia karatasi ya gramu 80, ya 70 inaonyesha maandishi ya upande wa pili. Nakala zote zitoke kwenye faili au kwenye nakala ya kwanza, zisitoke kwenye nakala ya fotokopi.

Karatasi itakunjwa iwe robo na kuwekwa mfukoni, hiyo haina ubishi. Mikunjo inapita sentimita 10.5 kutoka ubavuni na 14.85 kutoka juu. Wino unabanduka hapo kwanza. Namba yoyote ya kipimo isikae kwenye mstari huo.

Mkitaka kuituma WhatsApp, msipige picha A4. Kioo cha simu kina upana wa sentimita 6.5 hivi, kwa hiyo ukurasa unapungua hadi chini ya theluthi moja na herufi za pointi 14 zinaonekana kama pointi 4 na kidogo. Tengenezeni picha moja kwa kila hatua, upana wa pikseli 1080, na namba ya hatua kubwa pembeni, kwa sababu kwenye kundi zitafika zimechanganyika.

Katibu_Inyala

Asanteni sana, nyote. Tumekaa na mtaalamu na tumechagua 75 kwa 60. Tumepima vizibo: kilichofanya kilima ndicho kinachokaribia gramu 5 na nusu, kilichosawazishwa kinapungua sana. Rasimu ya upande wa mbele:

PANDA NA DAP
1. Pima mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 60.
2. Chimba shimo, kina sentimita 10.
3. Weka kizibo 1 cha DAP kilichojaa.
4. Fukia DAP kwa udongo mpaka kina kibaki sentimita 5. Mbegu ikigusa DAP inaungua.
5. Weka mbegu 2. Fukia.

Upande wa nyuma ni urea. Nilifikiria pia kuikata A4 iwe vipande viwili vya A5: cha kupanda tugawe sasa, cha urea tugawe mahindi yakifika magotini, ili mtu asione yasiyomhusu kwa wakati huo. Mnaonaje?

Mistari (Iringa, mchoraji)

Wazo la kutenganisha wakati ni zuri, ila ukiikata rula inakuwa ngumu kutumia. Urefu wa A5 ni sentimita 21, hauingii kwenye 60 wala 75, na upana wake itabidi urudiwe mara nne au tano. Iache A4 nzima, kupanda mbele, urea nyuma, na kila upande uwe na kichwa kinachotaja wakati: "SIKU YA KUPANDA" na "MAHINDI YAKIFIKA MAGOTINI". Chini ya kila kichwa chora mmea kwa urefu wake ukilinganisha na mguu wa mtu. Kichwa cha kwanza kisiwe "Panda na DAP", hakisemi ni lini.

Mhariri_Njombe

Umefika mbali, Katibu. Maneno hayafiki 50. Nina marekebisho manne tu.

Hatua ya 1 ina vipimo viwili vinavyofanana umbo, na hapo ndipo watakapobadilishana: 60 kati ya mistari, 75 kati ya mashimo. Vunja ziwe hatua mbili, kila moja na picha yake, moja ya kijiti, nyingine ya kamba yenye mafundo.

"Kilichojaa" haitoshi sasa kwa kuwa mmepima. Kwa wengine kujaa ni kusawazisha. Andika "kizibo 1 cha DAP, kifanye kilima", na picha ionyeshe kilima.

"Mpaka kina kibaki sentimita 5" inamwomba mtu apime ndani ya shimo, mara elfu tisa. Hatafanya. Kijiti cha hatua ya kwanza kikatwe alama mbili, 10 na 5, kisha andika "mpaka alama ya chini". Karatasi iliyokunjwa itamsaidia kuweka alama hizo mara moja tu, nyumbani.

"Fukia" imetokea mara mbili kwa maana mbili: ya kwanza nusu, ya pili yote. Ya mwisho iwe "Fukia shimo lote".

AfisaUgani_Mbozi

Nakubaliana na hayo yote, na naongeza hatua moja, ingawa najua lengo ni kupunguza. Mbegu za dukani zenye rangi zimepakwa dawa. Mtu anapanda, saa nne anakaa kula kiporo kwa mkono uleule, na mbegu iliyobaki inarudi nyumbani walipo watoto na kuku. Kwa kipimo cha Mhariri, hii inabadilisha kazi ya mkono. Hatua ya mwisho: "Osha mikono kwa sabuni. Mbegu zilizobaki zisiliwe na mtu wala mfugo." Ondoeni chochote kingine mkitaka nafasi.

Upande wa urea: palilia kwanza. Weka urea wiki ya 3 hadi 4 baada ya mahindi kuota, udongo ukiwa na unyevu, upana wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha fukia. Sababu ya kufukia iandikwe, kwa sababu hatua hii inarukwa zaidi kuliko zote: "Urea ikiachwa juu ya udongo inapotea hewani." Vizibo vya urea wekeni kwa namba mliyopima wenyewe, msinakili ya DAP.

Kabla ya kuchapa zote, jaribuni na watu watano ambao hawakuwa kwenye somo, wakiwemo wawili wenye umri mkubwa na mmoja anayeongea zaidi Kisafwa nyumbani. Mpe mtu karatasi, kijiti, kamba, beseni la udongo, mbegu, na mchanga badala ya DAP. Halafu nyamazeni kabisa. Msimuulize "umeelewa?", kwa sababu kwa heshima atajibu "ndiyo mwalimu" hata kama hajaelewa. Mwambieni "tuonyeshe", na mmoja wenu aandike mkono unaposimama, unaporudi nyuma kusoma, na neno ambalo mtu analibadilisha anaposoma kwa sauti. Akisema neno lake badala ya lenu, mara nyingi lake ndilo la kuchapa. Wawili wakikwama mahali pamoja, rekebisheni hapo na mjaribu na watu wengine, si walewale, maana wale wameshafundishwa na kosa la kwanza.

Pembeni chini, kwa pointi 9, andikeni mwezi, mwaka na namba ya toleo. Mkibadilisha kipimo msimu ujao, mtu aweze kujua aliyoishika ni ya zamani.